Ripoti ya utafiti bila kudesa: hatua kwa hatua, kwa mwanafunzi wa Kigoma

Kila siku za kukusanya ripoti zinapokaribia, maswali ni yale yale. Nikibadilisha maneno machache, bado ni wizi? Nikitafsiri kutoka Kiingereza je? Asilimia ngapi zinaruhusiwa? Nikitumia akili unde (programu kama ChatGPT) watajua? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako unayesoma cheti, stashahada au shahada na unatakiwa kutoa ripoti ya kurasa 25 hadi 60, uwe Kigoma mjini, Kasulu, Kibondo au umepangiwa mafunzo kwa vitendo Uvinza. Mwenzako wa Tabora anayeandika kuhusu tumbaku au asali anaweza kuufuata vile vile, abadilishe mifano tu.

Wizi wa kitaaluma, au kudesa kama tunavyouita, ni kuchukua maneno, hoja, takwimu, picha au mpangilio wa mtu mwingine na kuuwasilisha kana kwamba ni kazi yako. Nadharia ikomee hapo. La kushika mapema ni kwamba wizi mwingi hauanzii kwenye kuandika ripoti. Unaanzia kwenye madokezo. Mwanafunzi anakopi aya kwenye simu, anaipesti kwenye faili lake akisema ataibadilisha baadaye, na wiki tatu zikipita hajui tena ipi ni yake na ipi ni ya mtu. Madokezo yakiwa safi, ripoti huwa safi bila kuhangaika.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kauntabuku moja. Ya kwaya mbili inatosha.
- Kalamu mbili, ya bluu na nyekundu.
- Simu au kompyuta, na flashi yako mwenyewe. Usiazime flashi ya mtu yenye ripoti za wengine ndani yake.
- Bando la wastani. PDF ya makala moja mara nyingi ni MB 1 hadi 3, kwa hiyo makala 20 hazitazidi MB 60. Kinachomaliza bando ni kufungua ukurasa ule ule kila siku badala ya kuupakua mara moja.
- Mwongozo wa uandishi wa chuo chako, wa mwaka huu, si ule aliokuachia kaka aliyemaliza.
- Wiki sita. Chini ya hapo utajikuta unaokoteza.

Hatua ya 1. Uliza maswali manne kwa msimamizi wako

Muulize mapema, na uandike majibu pamoja na tarehe: mtindo gani wa marejeleo unatumika, kiwango cha juu cha mfanano (sehemu ya maneno ya ripoti yako yanayofanana na kazi za wengine) ni asilimia ngapi, akili unde inaruhusiwa kwa kazi ipi na hairuhusiwi kwa ipi, na kazi za kikundi zinagawanywaje. Hakuna asilimia moja inayotumika vyuo vyote, kila chuo kina yake. Anayekuambia "ishirini ni ruksa kila mahali" anakisia.

Hatua ya 2. Punguza mada mpaka isikopike

Hii ndiyo kinga kubwa kuliko zote, na wengi huiruka. Mada kama "Changamoto za uvuvi nchini Tanzania" inakusukuma kwenye kudesa hata kama hukukusudia, kwa sababu kila utakachosema kimeshasemwa na mtu na kiko mtandaoni. Linganisha na hii: "Hasara wanayopata waanikaji wa dagaa mchangani katika mwalo wa Kibirizi msimu wa mvua". Hiyo hakuna tovuti yenye jibu lake. Itabidi ushuke mwaloni, uhesabu, uulize, uandike.

Jipime hivi. Je, mahali pa utafiti unaweza kufika kwa miguu, bodaboda au hiace? Je, kuna watu angalau 20 unaoweza kuzungumza nao ana kwa ana? Je, swali lako linataja mahali, kundi la watu na kipindi? Ukijibu ndiyo mara tatu, mada yako imekaa vizuri.

Tahadhari: anza kushughulikia kibali siku ile ile mada inapopitishwa. Barua ya utambulisho ya chuo hupita kwa mkurugenzi wa manispaa au halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, ndipo ufike kwa watu. Barua ikikwama wiki mbili, ndipo wanafunzi wengi wanapoanza kupika data: wanajaza madodoso 40 usiku mmoja kwa mwandiko mmoja. Hilo ni kosa zito kuliko kunakili, na msimamizi mzoefu huliona kwa kutazama tu jinsi majibu yanavyofanana.

Hatua ya 3. Andika kitambulisho cha chanzo kabla ya kusoma

Kabla hujasoma hata aya moja, fungua ukurasa mpya kwenye kauntabuku na uandike juu kabisa: jina la mwandishi, mwaka, kichwa cha kazi, jarida pamoja na juzuu na namba yake au mchapishaji, kurasa, anwani ya mtandaoni au namba ya DOI (namba ya kudumu ya utambulisho wa makala), na tarehe uliyoifungua. Kisha upe ukurasa huo namba: C1, C2, C3.

Kwenye Google Scholar, chini ya kila kazi kuna kitufe chenye alama ya nukuu. Ukikibonyeza kinakupa rejea iliyokwisha kupangwa. Itumie kama msaada, lakini ilinganishe na ukurasa wa kwanza wa makala yenyewe, maana mara nyingine mwaka huwa si sahihi au jina la kwanza limewekwa mahali pa jina la ukoo. Majina ya Watanzania huathirika sana hapo. Kwa mwenye kompyuta, programu ya Zotero haina malipo na inatunza haya yote.

Ipe kila PDF jina linaloeleweka, kwa mfano "C4_uanikaji_2018". Faili linaloitwa "download(7)" hutalipata siku ya kuandika marejeleo, na rejea usiyoipata ndiyo inayogeuka kuwa wizi.

Hatua ya 4. Andika madokezo kwa rangi mbili

Bluu ni kwa maneno yako. Nyekundu ni kwa maneno ya mwandishi, yakiwa ndani ya alama za nukuu na namba ya ukurasa pembeni. Fikra yako mwenyewe kuhusu ulichosoma iandikie "MIMI:" mbele. Basi, hakuna rangi ya tatu.

Anayetumia simu aweke alama mbili badala ya rangi: [N] mwanzoni mwa kila sentensi ya kunukuu na [M] kwenye fikra yake. Faili la madokezo liwe tofauti kabisa na faili la ripoti. Hapa kuna sheria moja isiyovunjwa: usipesti chochote kutoka mtandaoni moja kwa moja kwenye faili la ripoti, hata sentensi moja, hata kwa dakika mbili. Kikiingia humo kinavaa mwandiko sawa na wako na hutakitambua tena.

Soma sehemu nzima kwanza, kurasa tatu au nne, ndipo uandike. Ukiandika huku unasoma mstari kwa mstari, madokezo yako yatakuwa nakala ya makala iliyokatwakatwa.

Hatua ya 5. Funga chanzo, kisha andika

Unapoandika aya ya ripoti, PDF iwe imefungwa na tovuti imefungwa. Mbele yako yawepo madokezo peke yake. Kama huwezi kuieleza hoja bila kuichungulia, hujaielewa. Rudi ukasome, kisha ufunge tena.

Tazama mfano. Aya hii tumeitunga kwa ajili ya zoezi. Mwandishi tumwite Fulani, mwaka 2018, ukurasa wa 23:

"Dagaa wanaoanikwa moja kwa moja juu ya mchanga hukauka upande mmoja kwanza, huokota chembe za mchanga na huharibika haraka mvua ikinyesha ghafla. Wale wanaoanikwa juu ya vichanja hupitiwa na upepo pande zote, hukauka kwa muda mfupi na hupata bei nzuri sokoni."

Mwanafunzi akaandika:

"Dagaa wanaotandazwa moja kwa moja kwenye mchanga hukauka upande mmoja mwanzoni, hushika punje za mchanga na huoza upesi mvua inaponyesha ghafla. Wale wanaotandazwa kwenye vichanja hupigwa na upepo kila upande, hukauka haraka na hupata bei nzuri sokoni."

Huu ni wizi, hata kama maneno zaidi ya kumi yamebadilika. Mpangilio wa sentensi ni ule ule, hoja zinafuatana vile vile, na Fulani hatajwi. Akiongeza "(Fulani, 2018)" mwishoni anapunguza kosa lakini halimalizi, kwa sababu msomaji ataamini uandishi ni wa mwanafunzi. Sasa soma hii:

"Fulani (2018, uk. 23) anahusisha bei ya dagaa na namna wanavyoanikwa: kichanja huruhusu hewa kupita chini ya samaki, mchanga hauruhusu. Waanikaji wa Kibirizi waliohojiwa walikubali hilo, ila waliongeza jambo ambalo Fulani hakuligusa. Siku za giza, mitumbwi inaporudi imejaa, bei hushuka hata kwa dagaa wa kichanja."

Hapa chanzo kimetajwa, hoja imefupishwa kwa maneno mengine na kwa mpangilio mwingine, na mwanafunzi ameongeza kitu alichokipata mwenyewe. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo msahihishaji anayoitafuta. Kila aya yenye chanzo iwe na angalau sentensi moja ya aina hiyo.

Nukuu ya neno kwa neno itumie pale tu maneno yenyewe ni muhimu: kifungu cha sheria, fasili, au kauli ya mtu uliyemhoji. Kwa mtindo wa APA, mmoja wa mitindo ya marejeleo, nukuu isiyofika maneno 40 hukaa ndani ya aya na alama zake. Ikifika 40 au kuzidi, husogezwa ndani kama aya ya peke yake, bila alama. Kunukuu kwa kiasi hakukatazwi popote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yenyewe inaruhusu, mradi chanzo na mwandishi vitajwe.

Hatua ya 6. Weka rejea papo hapo

Usiseme utaweka marejeleo mwishoni. Sentensi ikiisha, rejea iwe imeshaingia. Kama unakimbizana na wazo, andika (C4, 23), yaani chanzo C4 ukurasa wa 23, kisha uendelee.

Kisichohitaji rejea ni kile ambacho kila msomaji anakijua au anaweza kukithibitisha popote: Kigoma iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, reli ya kati inaishia Kigoma. Kinachohitaji ni takwimu, matokeo ya utafiti, maoni, fasili, ramani, jedwali na picha. Ukiandika kwamba Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967 mkoani Kigoma, au 3,391,679 mkoani Tabora, mtaje aliyehesabu, yaani Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Picha uliyoitoa mtandaoni pia ina mwenyewe. Ukiweza, piga yako kwa simu ukiwa mwaloni. Inakuondolea shida na inathibitisha kwamba ulifika.

Wapo wanaodhani mahojiano nayo lazima yaingie kwenye orodha ya marejeleo. Kwa APA, uliowahoji katika utafiti wako hawaingii huko. Waeleze ndani ya ripoti, kwa mfano "mwanikaji, mwanamke, Kibirizi", pamoja na tarehe ya mahojiano, bila kuanika majina yao.

Hatua ya 7. Tafsiri ni ya mwandishi, si yako

Kwetu huu ndio mlango mpana wa kudesa, kwa sababu makala nyingi ziko kwa Kiingereza na ripoti inaandikwa kwa Kiswahili, au kinyume chake. Kutafsiri aya nzima na kuiweka kama yako ni wizi sawasawa na kukopi, hata kama programu ya kukagua mfanano haitaikamata. Ukinukuu kwa tafsiri, taja chanzo na uongeze "tafsiri ya mwandishi wa ripoti hii". Kama hutaki kunukuu, rudi hatua ya 4: soma kwa Kiingereza, andika dokezo kwa Kiswahili chako, funga, kisha uandike.

Programu za kubadilisha maneno ziache kabisa. Mwaka 2021 watafiti Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov walionyesha jinsi zilivyoharibu makala za kisayansi zilizokwisha kuchapishwa, kiasi kwamba "akili bandia" (jina jingine la akili unde) iligeuka kitu kama "fahamu ya kughushi". Maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyowafichua waandishi wake.

Hatua ya 8. Akili unde: iulize, isikuandikie

ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, desa lilipata sura mpya. Kama chuo kinaruhusu, itumie kukuelezea neno gumu, kukupa orodha ya maswali ya kujiuliza, au kukuonyesha makosa ya sarufi katika aya uliyoiandika mwenyewe. Usiiombe ikuandikie sura ya pili (mapitio ya kazi za wengine), na usiiombe marejeleo. Zana hizi hutunga majina ya vitabu na makala ambayo hayapo, yakiwa na mwaka, juzuu na kurasa kamili. Juni 2023 mahakama ya New York iliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliowasilisha kesi zilizotungwa na ChatGPT. Rejea yoyote ambayo hukuifungua wewe mwenyewe na kuisoma, iondoe.

Mahali ulipoitumia, eleza kwa sentensi moja kwenye shukrani au mbinu: zana gani, kwa kazi gani.

Hatua ya 9. Linganisha ripoti na orodha ya marejeleo

Chapa kurasa za marejeleo pekee. Pitia ripoti kuanzia mwanzo, na kila rejea unayokutana nayo weka tiki kwenye orodha. Kilichotajwa ndani lakini hakimo kwenye orodha, kiongeze. Kilichomo kwenye orodha bila tiki, kifute. Orodha ya vyanzo 60 ambavyo 15 tu vimetumika inamwambia msimamizi kwamba umeichukua mahali.

Hatua ya 10. Kuwa makini steshenari

Ukipeleka mwandiko wa mkono ukachapwe, mwambie mchapaji asiondoe alama za nukuu wala mabano. Wengi huziacha wakidhani ni makosa. Soma kazi yote kabla ya kulipa. Ukimaliza, hamishia faili kwenye flashi yako, kisha ulifute kwenye kompyuta ya steshenari pamoja na kwenye kapu la takataka la kompyuta hiyo. Ripoti inayobaki pale hupewa mwanafunzi wa mwaka unaofuata, naye akibadilisha jina la kata tu, wewe ndiye utakayeitwa kuulizwa nani kamkopi mwenzake.

Na usinunue iliyokwisha kuandikwa. Hizo hujulikana upesi: ripoti inahusu wakulima wa tumbaku wa Urambo, ukifika sura ya nne ghafla wanatajwa wafugaji wa Shinyanga.

Hatua ya 11. Soma ripoti ya mfanano vizuri

Turnitin na programu kama hiyo haisemi "huyu ni mwizi". Inaonyesha maneno yanayofanana na yaliyomo kwenye hazina yake. Asilimia 24 inayotokana na orodha ya marejeleo, nukuu zenye alama na vichwa vya sura ni nafuu kuliko asilimia 9 ambayo yote ni aya moja nzima ya mtu. Mwombe msimamizi aondoe marejeleo na nukuu kwenye hesabu, halafu kagua rangi moja moja.

Tahadhari kubwa: usimlipe mtu akukagulie kwa akaunti ya chuo kingine. Mara nyingi kazi inahifadhiwa kwenye hazina, na chuo chako kikija kuikagua, inafanana na yenyewe karibu asilimia 100. Kujitetea hapo ni kazi ngumu. Na hila za kuweka maneno meupe yasiyoonekana au kuchanganya herufi za alfabeti nyingine, programu inaziwekea alama.

Mambo yakienda mrama

*Mfanano umefika 38 na hujui kwa nini.* Angalia kwanza dodoso na viambatisho; watu wengi hutumia dodoso lile lile. Kisha sura ya pili. Aya yenye rangi moja mfululizo usiibadilishe neno kwa neno. Ifute, fungua madokezo, iandike upya kwa hatua ya 5.

*Chanzo hakina mwandishi.* Tumia jina la taasisi. Kama haipo, tumia kichwa cha kazi. Kama hakina mwandishi, taasisi wala tarehe, tafuta kingine.

*Hakuna namba za kurasa.* Taja kichwa kidogo au namba ya aya.

*Umepata hoja ya mtu ndani ya kitabu cha mtu mwingine.* Tafuta cha kwanza. Kikikosekana, andika "Fulani, kama alivyonukuliwa na" kisha jina la uliyemsoma, na kwenye orodha uweke uliyemsoma tu.

*Unataka kutumia kazi yako ya mwaka jana.* Ni yako, ndiyo, lakini imeshapata alama. Omba ruhusa ya msimamizi na uitaje kama chanzo kingine chochote.

*Msimamizi anasema lugha imebadilika ghafla.* Mpelekee kauntabuku na rasimu za zamani. Ukiandikia kwenye Google Docs, historia ya matoleo inaonyesha siku na saa uliyoandika kila aya. Ukitumia Word, hifadhi nakala mpya kila Ijumaa yenye tarehe kwenye jina la faili.

*Umeshakusanya ndipo ukagundua aya ya kukopi.* Mwandikie msimamizi siku hiyo hiyo, taja ukurasa, ambatisha aya iliyosahihishwa. Usisubiri agundue. Kuhitimu nako hakufuti kosa: mwaka 2011 waziri wa ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, alinyang'anywa shahada yake ya udaktari na akajiuzulu, baada ya watu mtandaoni kuipekua tasnifu yake ukurasa kwa ukurasa.

*Zimebaki siku mbili na huna kitu.* Omba kuongezewa muda kwa maandishi. Ukikataliwa, kusanya sura mbili fupi ulizoandika mwenyewe na madodoso uliyokwisha kuyajaza mwaloni, hata yakiwa kumi. Alama zitakuwa ndogo, na sehemu iliyobaki utapangiwa kuirekebisha kwa utaratibu wa chuo.